Akaunti ya Microsoft au akaunti ya ndani?

Anayewasha kompyuta mpakato mpya yenye Windows 11 hapa Lamu hufikishwa mapema kwenye njia panda: aingie kwa akaunti ya Microsoft, iliyo mtandaoni, au atumie akaunti ya ndani, ambayo imo katika mashine hiyo peke yake.

Akaunti ya Microsoft hudai intaneti tangu mwanzo, na kwa mtu wa Langoni anayetegemea bando la simu, masasisho ya siku ya kwanza yanaweza kulimaliza lote. (Ni heri kuiwasha penye Wi-Fi.) Hata hivyo, faida yake kubwa haionekani siku hiyo: katika kompyuta nyingi mpya diski husimbwa yenyewe (yaani faili zake hufungwa zisisomeke bila ufunguo), na ufunguo wake wa tarakimu 48 huhifadhiwa katika akaunti, hivi kwamba kompyuta ikiibwa, mwizi hapati barua wala picha, na mwenyewe, siku mashine inapoudai ufunguo, huutazama kwa simu yake.

Akaunti ya ndani ni nyepesi, wala haimvutii mtu faili zake OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, pasipo yeye kutaka. Ila usimbaji haujiwashi, na nenosiri likisahaulika, kimbilio ni maswali matatu ya usalama. Toleo la Windows liitwalo Home, aidha, haliionyeshi akaunti hii waziwazi wakati wa kuanza.

Mimi, ninapomwandalia mtu kompyuta, huanza na ya Microsoft, nikanakili daftarini ufunguo ule, makundi manane ya tarakimu sita sita, kisha asiyependa mtandao nikambadilishia iwe ya ndani kwenye mipangilio.