Accessibility Scanner imesema "safi", lakini asiyeona bado amekwama

Jamani, karibuni! Leo ni Accessibility Scanner ya Google, app ya bure pale Play Store inayokagua kama skrini ya app ya Android inafaa kwa watumiaji wenye ulemavu, kama wasioona. Kuipakua na kuiwasha kwenye zana za ufikivu mnajua, twende kazini.

Hii ni skrini ya mfano ya kutuma pesa. Nabonyeza kitufe kinachoelea, napima... visanduku vitatu hivi hapa. Maandishi ya kijivu #999999 juu ya nyeupe: uwiano wa utofauti wa rangi ni 2.85 kwa 1, na maandishi madogo yanataka 4.5. Weka #767676, yanapita. Kitufe cha kufunga kina dp 32 (dp ni kipimo cha ukubwa kwenye skrini za Android). Acha aikoni ilivyo, panua eneo la kugusa lifike dp 48. Cha tatu, kitufe cha kutuma hakina lebo ya kusomwa kwa sauti: andika kwenye msimbo contentDescription "Tuma pesa". Usiandike "kitufe cha kutuma", maana TalkBack, kisomaji skrini cha Android, hulitaja neno kitufe yenyewe, litasikika mara mbili.

Toleo lililorekebishwa, napima tena. Hakuna pendekezo. Hapo ndipo inaponikera!

Shikilia vitufe vyote viwili vya sauti sekunde 3, TalkBack inawaka. Nenda kwenye menyu yake, ficha skrini. Telezesha kidole kulia, kulia tena... "Kiasi." Gusa mara mbili, andika laki tano, sogea mpaka "Tuma pesa", gusa mara mbili... Mnasikia nini? Hakuna! Huku juu yametokea maandishi mekundu, "Salio halitoshi", na anayesikiliza hana habari. Atagusa tena na tena. Scanner inapima skrini ilivyo wakati huo, haijui kwamba badiliko hili lilipaswa kutangazwa. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye maandishi ya kosa: android:accessibilityLiveRegion="polite", unaoiambia TalkBack itangaze maandishi hayo yakibadilika. Hayo maandishi yawepo kwenye skrini tangu mwanzo, yakiwa matupu, kisha uyajaze kosa likitokea. Sikilizeni sasa: "Salio halitoshi." Ndiyo hiyo!

Na bado. Bandika lebo "Futa" kwenye kitufe cha kutuma, Scanner inapitisha, kwa kuwa inaangalia kama lebo ipo, haijui kama ni ya kweli. Kwenye pesa za watu!

Accessibility Inspector ya Apple nayo ni bure, inakuja na Xcode, programu ya kutengenezea app za iPhone, ila inataka Mac, na bei ya Mac mnaijua. Mlioomba VoiceOver, kisomaji skrini cha iPhone, ndiyo video ijayo.

Scanner ibaki kwenye simu yako, ila usitoe toleo jipya kabla hujatuma pesa mwanzo hadi risiti, skrini ikiwa imefichwa. Ukikwama, niandikie hapo chini ni hatua gani.