Gogo la Mopani kwa Akwariamu ya Mimea: Ununue au Uache?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Kilichopo mezani leo ni hiki hapa, gogo la mopani, lile zito la rangi mbili ambalo wauza samaki wa mapambo wanalisifia sana. Bei yake si ndogo. Hili limenigharimu kuliko tangi lenyewe, kwa sababu tangi nimetengenezewa na fundi wa vioo hapa hapa Dar. Kwa hiyo ni haki mtu kuuliza: ninunue au niache? Jibu natoa mapema ili mwenye haraka asikae sana: kwa tangi la mimea la sentimita 60, hasa kwa sisi tunaoishi kwenye joto la pwani, nunua. Ila linunue kwanza, kabla ya udongo, kabla ya taa, kabla ya mmea hata mmoja. Gogo ndilo linaloamua vingine vyote vikae wapi. Wengi wetu tunalinunua mwisho, changarawe imeshajaa, tunalichomeka palipobaki nafasi, kisha tunashangaa kwa nini tangi halivutii.

Tuliangalie kwa karibu. Nasogeza kamera. Mnaona upande huu umekolea kahawia, karibu kuwa mweusi? Huo ni moyo wa mti, mgumu kweli kweli. Upande huu wa rangi ya mchanga ni sehemu ya nje, laini kidogo. Magogo mengi ya mopani yanayouzwa yamepigwa mchanga kwa mashine ya upepo kuondoa maganda na uchafu, ndiyo maana ukipitisha kidole unasikia mkwaruzo. Tazama na hili pango dogo hapa chini, kidole kinaingia chote. Sehemu kama hii ndiyo ya kukagua dukani. Chukua bisibisi, chokonoa taratibu. Ikidonyoka vipande vilaini kama hivi, hapo pameoza. Kama ni kidogo, kwangua ukiwa nyumbani. Kama bisibisi inazama ndani, rudisha gogo chukua jingine.

Mti wenyewe unaota kusini mwetu: Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia, kwenye mabonde yenye joto na ukame. Ndio ule ambao majani yake huliwa na viwavi wanaokaushwa na kuwa kitoweo. Ni miongoni mwa miti mizito kabisa ya ukanda ule, na uzito huo ndio sifa yake ya kwanza kwetu. Nina ndoo ya maji hapa. Naliachia... limekwenda chini moja kwa moja. Mizizi ya azalea, ambayo madukani inaitwa spider wood, ukiiachia hivi itaelea, na inaweza kuchukua wiki kadhaa mpaka inywe maji ya kutosha kukaa chini. Itabidi uifunge kwenye jiwe au uikandamize. Kwa uzuri wa matawi, lakini, azalea inashinda. Ina vitawi vyembamba vinavyochanua kila upande, wakati mopani ni nene na fupi, imekaa kikisiki. Ukitaka msitu wa matawi, hii siyo. Ukitaka kitu kimoja kizito kinachokamata jicho, hii ndiyo.

Sasa kasoro, na hapa sitaficha kitu. Mopani inatoa rangi, tena sana. Maji yatakuwa ya rangi ya chai ya rangi, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi. Inayofanya hivyo ni tanini, ile ile inayopatikana kwenye magome na majani ya miti mingi. Haidhuru samaki. Inapunguza pH kidogo, yaani inafanya maji yawe na uchachu, kama maji yako si magumu sana (hayana chokaa nyingi), na samaki wengi wa mito ya misituni wamezoea maji ya namna hiyo. Mto Ruki kule Kongo, unaoingia mto Kongo karibu na Mbandaka, maji yake ni meusi kwa ajili ya majani na miti inayooza msituni. Na hapa kwetu tuna mkungu, ule mti wa kungu wenye majani makubwa yanayogeuka mekundu na kuanguka barabarani. Wafugaji wa samaki Ulaya na Asia wananunua majani hayo makavu yakiwa kwenye pakiti, kwa ajili ya tanini hiyo hiyo. Sisi tunayafagia na kuyachoma! Okota yaliyoanguka yenyewe mahali pasipo na moshi wa magari, yasuuze, weka moja au mawili kwenye tangi la betta, yule samaki mdogo wa mapambo, uone samaki anavyotulia.

Lakini kama wewe unataka maji yang'ae kabisa, kuna kazi. Gogo lisugue kwa brashi ngumu chini ya maji yanayotiririka, bila sabuni hata tone. Likienea kwenye sufuria, lichemshe saa moja hadi mbili, mwaga maji, chemsha tena. Lisipoenea, limwagie maji yanayochemka kwenye beseni, kisha liache ndani ya ndoo ukibadilisha maji kila siku mpaka rangi ipungue. Ipungue, maana kuisha haiishi. Baadaye ukiweka mkaa maalumu wa filta utanyonya rangi iliyobaki, na kubadilisha maji kila wiki kutamaliza kazi.

Kasoro ya pili inawatisha watu kuliko inavyostahili. Wiki za mwanzo gogo litaota utando mweupe unaoteleza, kama huu kwenye picha. Watu wananitumia picha wakiuliza kama gogo limeharibika. Hapana. Ni bakteria na kuvu wanakula sukari iliyobaki kwenye mti. Kinapokwisha chakula hicho, utando unakwisha. Ukikukera, ufute kwa mswaki na kuuvuta kwa mpira wakati wa kubadilisha maji. Konokono na kamba wadogo wanaula kwa hamu.

Nataka nizungumze na yule anayesema hana pesa ya mopani, kwa sababu ndio wengi. Unaweza kutumia mti wa hapa hapa, na wangu wa kwanza kuupendekeza ni mpera. Tafuta tawi lililokufa na kukauka kabisa, si lililokatwa jana, limenye ganda lote, lichemshe, liloweke. Ni mti mgumu na matawi yake yana mikunjo mizuri. Mkoko usiguse. Misitu ya mikoko inalindwa, na hata gogo lililotupwa ufukweni limeshiba chumvi. Mwarobaini usiweke, dawa iliyomo inadhuru samaki. Na minyaa na utupa wazee wetu wanazifahamu vizuri: ndizo zilizotumika kulevya samaki mtoni. Mti wowote wenye utomvu mweupe au wenye harufu kali, uache.

Haya, tupange. Tangi langu ni sentimita 60 kwa 30, kimo 36, kioo cha milimita 6. Ukizidisha unapata lita 65 kasoro kidogo. Likijaa maji, udongo na gogo, uzito unafika kilo 80 hadi 90, kwa hiyo ile meza ya plastiki ya sebuleni isahau. Weka sponji nyembamba chini ya kioo ili uzito ukae sawasawa, na lisikae karibu na dirisha linalopigwa na jua, mwani utakuchosha.

Kabla ya kutia chochote ndani, nimechora kwa chaki sakafuni mstatili wa 60 kwa 30. Gogo nalizungusha humu. Nalisimamisha, nalilaza, naligeuza kichwa chini. Picha moja kwa simu kila mkao, kisha nachagua jioni nikiwa nimetulia. Msilione hili kama kazi ya kitoto. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki 2015, ndiye aliyeufundisha ulimwengu kutengeneza mandhari ya msitu na milima ndani ya kioo, na tangi lake kubwa la mwisho alilitengeneza Lisbon, Ureno, kwenye jumba la viumbe wa majini la Oceanário. Lilitengenezwa na urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Hata lile, ukiondoa mimea yote, kinachobaki ni miti na mawe vilivyopangwa kwanza.

Mkao niliouchagua ni huu. Sehemu nene ya gogo haiko katikati, iko kama sentimita 23 kutoka kushoto, na ncha inaelekea kulia juu. Ukiliweka katikati kabisa, linaligawa tangi nusu kwa nusu na jicho halina pa kwenda. Na tazameni nyuma: nimeacha nafasi ya vidole vinne kati ya gogo na kioo. Hiyo ni njia ya mkono wenye sponji. Gogo zito likigusa kioo, siku ukiteleza nalo utalia na kioo.

Udongo nimeweka sentimita 3 mbele na 8 nyuma, ili tangi lionekane na kina. Huu ni udongo wa vidonge uliotengenezwa kwa ajili ya mimea ya majini. Una chakula na unapunguza ugumu wa maji, lakini aina nyingi hutoa amonia, sumu kwa samaki, wiki za mwanzo, kwa hiyo samaki bado. Kuhusu mawe, sisi wa pwani tuna mawe ya matumbawe kila kona, na ni mazuri kwa macho. Ukidondoshea siki yatatoa povu. Maana yake yana chokaa, yatafanya maji yawe magumu na pH ipande, yaani yatavuta kinyume na gogo lako. Yahifadhi kwa tangi la samaki wa Ziwa Tanganyika au Nyasa, wao ndio wanaopenda maji ya hivyo. Na hao samaki msiwalete kwenye tangi la gogo na mimea. Wengi wao wanachimba udongo na kung'oa kila ulichopanda.

Mimea sasa, na hapa ndipo mopani inapolipa bei yake. Joto la maji yetu ndani ya nyumba Dar linafika nyuzi 29, 30. Mimea mingi myekundu ya kwenye picha za intaneti inataka maji ya baridi zaidi, na gesi ya kaboni haikai vizuri kwenye maji ya moto. Lakini anubias inavumilia, haina haja ya mtungi wa gesi wala taa kali, na haitaki hata udongo. Ni mmea wa Afrika, asili yake magharibi na kati, Kameruni, Gaboni, Kongo huko. Huu ni anubias nana. Oneni hili shina nene la kijani linalotambaa, majani yanatoka juu, mizizi inatoka chini. Shina hili likifukiwa udongoni linaoza na mmea unakufa. Kwa hiyo unalikalisha juu ya gogo. Tone la supa gluu ya jeli hapa kwenye mizizi, silo kwenye shina, bana kidogo, basi. Ikishakauka haina madhara. Au funga kwa uzi wa pamba, utaoza wenyewe mizizi ikishashika. Ule mkwaruzo niliowaonyesha mwanzo ndio mizizi inaoupenda, inajishika humo. Kwenye lile pango nimechomeka bolbitis, jimbi la mito ya Afrika, majani yake yana kijani cha kung'aa ukiipiga taa kwa nyuma. Nyuma kabisa udongoni ni vallisneria, majani marefu kama utepe, na mbele ni cryptocoryne. Hii ya mwisho ikipoteza majani yote wiki ya pili usiing'oe. Mizizi iko hai, itachipua.

Taa saa 6 kwa siku mwanzoni, kwa taima. Maji ya bomba yana klorini, yatie dawa ya kuiondoa. Maji ya kisima yaonje kwanza, visima vingi vya Dar vina chumvi. Joto likizidi, feni ndogo ikipuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu, ila maji yatapungua haraka, uwe unajazia.

Subiri wiki nne hadi sita filta ikomae, yaani bakteria wanaokula sumu hizo wajae ndani yake, pima amonia na nitraiti, ambayo nayo ni sumu, mpaka zote zisome sifuri, ndipo ulete samaki. Kwa tangi hili mimi namleta betta mmoja. Anapenda joto, anapenda maji yenye tanini, na atalala juu ya majani ya anubias. Tetra wa Kongo ni wazuri mno, lakini dume linafika sentimita 8 na ni samaki wa kundi, wanataka tangi la mita moja na zaidi.

Na ukipunguza mimea, mabaki yakaushe juani kisha tupa jalalani, kamwe si mtoni. Magugu maji yanayotutesa Ziwa Victoria yalitoka Amerika Kusini, na sehemu nyingi duniani yalifika kama pambo la bwawa.

Alama zangu kwa mopani: kuzama, 10 kwa 10. Kudumu, 9. Umbo, 7, kwa sababu ya ule ufupi. Rangi inayotoa, kwangu ni 8 kwa kuwa naipenda. Anayetaka maji meupe aipe 4, na kwa kweli huyo namshauri achukue azalea, au tawi la mpera lililolowekwa vizuri. Mwenye tangi la chini ya sentimita 45 asihangaike nalo, litameza nafasi yote. Kama unalo gogo tayari na hujui likaeje, nitumie picha yake likiwa ndani ya mstatili wa chaki, pamoja na vipimo vya tangi, nitakujibu nikichora juu ya picha hiyo hiyo.