KC Aviar, JK Aviar, Luna na Fierce: nimezirusha zote nne, haya ndo maoni yangu

Jamani wadau wa gofu ya diski, ule mchezo wa kurusha diski mpaka iingie kwenye kikapu chenye minyororo, najua tuko wachache tunaoongea Kiswahili kwenye huu mchezo ila tupo. Mi niko Minnesota mwaka wa sita sasa, na kila nikienda uwanjani Jumamosi lazima nikute ule ubishi wa nani mkubwa, Ken Climo au Paul McBeth. Mmoja ana mataji 12 ya dunia, mwingine 6, wazee wanavuta huku vijana wanavuta kule, na kwa akina dada ni hivyohivyo, Juliana Korver ana 5 na Paige Pierce ana 5. Sasa mi nikaona badala ya kubishana kwa mdomo ninunue diski zenye majina yao, zile za kumalizia karibu na kikapu, maana kila mmoja kati ya hawa wanne anayo yake. Nimezitumia tangu mwezi wa nne mpaka theluji ikaanguka.

Nianze na KC Pro Aviar, KC ni Ken Climo mwenyewe. Namba zake ni 2, 3, 0, 2, yaani kasi ndogo, inaelea kiasi, haigeuki kulia, na mwishoni inarudi kushoto kidogo kwa sisi tunaorusha kwa mkono wa kulia. Ni ngumu. Ukiipokea mpya unahisi kama umeshika mfuniko wa ndoo, na ule ukingo wa chini una mshipi mnene ambao kidole gumba kinauzoea baada ya wiki mbili hivi. Mwanzoni sikuipenda kabisa, ilikuwa inagonga minyororo inaruka nje, af siku moja mzee mmoja tunayefanya naye kazi, huyu kacheza tangu miaka ya 80, akaniambia mwanangu usiibembeleze hiyo, ipeleke moja kwa moja. Nikaacha kuirusha kwa kuipandisha juu, nikaanza kuipeleka kwenye minyororo kama natia barua kwenye sanduku, na kuanzia hapo imekuwa diski yangu ya mita 6 kurudi chini, siikosi.

Na hapo ndo nikamwelewa Climo. Watu wanataja tu 12, 12, bila kuangalia miaka yenyewe. Alichukua 1990 mpaka 1998 mfululizo, miaka 9, hakuna aliyemtoa, af akarudi 2000, 2002 na 2006. Kati ya hiyo 1990 na 2006 vifaa vilibadilika sana, plastiki ngumu zaidi zikaja, diski za mbali zikawa na kasi ambayo mwaka 1990 haikuwepo, vijana waliokua wakimwangalia wakawa wanashindana naye, na bado alishinda. Hilo ndo linanipa uzito mimi, kuliko ile namba yenyewe.

Luna ya McBeth ni kitu kingine kabisa. Inatengenezwa na Discraft, namba 3, 3, 0, 3, na plastiki yake ina mchanganyiko wa raba kwa hiyo inanata mkononi hata jasho likitoka. Hii ukiirusha ikiwa imeinama kidogo inarudi kushoto kwa uhakika, upepo wa mbele hauisumbui, na ikigonga mnyororo inatulia, inadondoka ndani kama imechoka. Kwa mtu anayejaribu kutoka mita 9 au 10 ni nzuri sana maana ndani ya zile mita 10 huruhusiwi kuvuka alama yako, yaani pale diski yako ilipodondoka, mpaka uonyeshe umesimama imara, kwa hiyo huwezi kuongeza nguvu kwa kurukia mbele, mkono wenyewe ndo ufanye kazi, na diski inayoshikika vizuri inakusaidia kuliko unavyofikiria. Bei nililipa dola 3 zaidi ya Aviar. Sijutii.

Sasa wanaosema McBeth alikuta mchezo umeshapata hela ndo maana anang'aa, mi naona wanamwonea. Kweli mwaka 2021 alisaini mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 10, hela ambayo enzi za Climo hakuna aliyeiota. Lakini angalieni alichofanya kabla ya hapo. 2012 mpaka 2015 alishinda mara nne mfululizo akiwa na Innova, kampuni inayotengeneza Aviar, af akahama, akaenda Discraft, yaani begi zima linabadilika, diski ulizozijua kwa miaka unaziacha, na mwaka uleule wa kwanza, 2019, akachukua dunia tena kule Peoria, Illinois, mkononi ana Luna. Mi nimebadilisha diski moja tu ya kumalizia na ilinichukua mwezi mzima kuizoea! 2022 akaongeza la sita kule Emporia, Kansas. Na kabla yake, 2021, lilimponyoka pale James Conrad alipotia ndani kutoka futi 247 kwenye shimo la mwisho, yaani kikapu cha mwisho cha uwanja, wakaenda kurudiana, Conrad akashinda. Enzi hizi ukipumzika kidogo tu kuna mtu wa kukutoa.

JK Aviar ya Korver sijaiona watu wengi wakiizungumzia na inaniuma, kwa sababu kati ya zote nne ndo ninayompa mtu anayeanza. Ni laini kuliko KC, namba 2, 3, 0, 1, inaenda pale ulipoitazama bila maneno mengi. Mke wangu alianza mchezo nayo mwezi wa sita na hataki kubadilisha. Korver alitawala kuanzia 1998 hadi 2001 akaongeza 2003, yaani Climo anamaliza mfululizo wake na Korver ndo anaanza wake, halafu watu wakikaa kulinganisha enzi hata hawamtaji. Mi namtaja.

Fierce ya Pierce nayo namba ni 3, 4, -2, 0. Hiyo -2 maana yake ukiipa nguvu inageuka kulia na hairudi, inaelea tu. Kumalizia siku ya upepo imenitesa, nimeipoteza mara mbili kwenye bwawa la shimo la 7. Ila kwa kurusha taratibu kupita kati ya miti, mita 50, 60, ni tamu, inapita kwenye uwazi mwembamba kama imeshikwa na uzi. Jambo moja mjue kabla ya kununua: hii imetoka baada ya mataji yake yote matano, alishinda 2011, 2013, 2015, 2017 na 2019, kwa hiyo usinunue ukidhani ndo ile aliyoshindia. Nunua kwa sababu inaruka unavyotaka wewe.

Lawama yangu moja ni kwa duka la mtandaoni nililoagizia. Niliandika wazi gramu 168 kwa KC wakaniletea 175, na kubadilisha ikachukua wiki tatu. Kama unaweza nenda dukani ushike mwenyewe, pima kwa mkono.

Baridi nayo ina mambo yake. Ikishuka chini ya sifuri KC inakuwa kama sahani ya udongo, vidole vinauma, Luna bado inashikika ingawa inapungua kunata. Desemba hii nimebandika utepe mrefu wa rangi ya machungwa chini ya Luna kwa gundi ya karatasi, kama wanavyofanya wenyeji, ili ikizama kwenye theluji utepe ubaki juu niuone.

Kwa hiyo begini mwangu sasa ziko tatu. KC ya karibu, Luna ya mita 10, Fierce ya kwenye miti. JK ni ya mke wangu, akikosa kurusha Jumamosi ndo naiomba. Na nikiulizwa nani mkubwa bado nasema Climo, kwa ile miaka 9.