TAHADHARI: Watu wa Nakuru, hiyo krimu ya uso ya mkebe mweupe "ya mimea tupu" achaneni nayo

Wadada wa Nakuru, na nyinyi wakaka wenye mnatoka vipele mkinyoa ndevu, someni hii yote tafadhali na mtumie yeyote mnajua anasumbuka na uso. Kuna mtu anauza krimu mtandaoni, anasema ni ya ngozi yenye inakataa kila kitu, ngozi ya kuwasha, ya wekundu, ya chunusi. Jina la duka siwezi weka hapa juu ashabadilisha mara mbili tangu tukosane, lakini mbinu ni ile ile na mkebe ni ule ule.

Mimi ni wa rangi ya maji ya kunde, na tangu nizae mtoto wa pili uso wangu umekuwa na moto. Nikitembea na jua kutoka mtaa wa Section 58 mpaka tao mashavu yanaiva, nikinywa chai moto yanaiva, nikiinamia sufuria ya ugali ndio kabisa, na kwa kidevu vipele vya usaha haviishi. Nimejaribu ndimu (aki msijaribu ndimu), nimejaribu kusugua na sukari, nimejaribu sabuni ya kila mtu alinishauri. Ukishateseka hivo miaka mitatu unakuwa mwepesi kuamini, na hawa watu wanajua hilo vizuri sana.

Nilimwandikia, akanijibu na upole sana, "pole dadangu, hiyo ni ngozi yako inalia, tuma picha." Nikatuma. Akaniambia krimu ni shilingi 1,800, ya mitishamba tupu, haina kemikali. Nikatuma pesa na M-Pesa, boda akaleta jioni hiyo hiyo. Mkebe mweupe hauna jina la kiwanda, hauna orodha ya vitu viko ndani, hauna tarehe ya kuisha, ni stikeri tu ya kuprintiwa saiba yenye picha ya majani, na wino ulikuwa unatoka kwa vidole ukiushika na mikono mibichi.

Sasa hapa ndio nataka mnisikize. Ile krimu ilifanya kazi. Siku ya tatu niliamka nikajiangalia kwa kioo nikalia, uso umetulia kama wa mtoto mchanga, wekundu hakuna, vipele vimenyauka. Siku ya tano nikapiga picha nikamtumia nikimshukuru na maombi juu. Nikamwambia dadangu wa Njoro, nikamnunulia wake na pesa yangu mwenyewe. Hiyo ndio inaniuma kuliko zote.

Wiki ya sita hivi nikaanza kuona ngozi inang'aa vibaya, kama nailoni imevutwa, na pembeni ya pua vimishipa vyembamba vyekundu vyenye sikuwa navyo. Halafu tukaenda mazishi ushago siku tatu nikasahau mkebe nyumbani. Jamani. Siku ya pili uso ulifura, ukawaka kama nimepakwa pilipili, ukatoa vijipele vidogo vidogo vimezunguka mdomo wote, maji baridi yenyewe yalikuwa yananichoma. Nikampigia yule muuzaji nikidhani ni mzio, akaniambia, "hapana mrembo, hiyo ni sumu inatoka, ukiacha sasa ndio utaharibika, ongeza paka mara tatu kwa siku," na akaniambia kuna ingine ya nguvu zaidi ya 2,500. Na kwa vile nilikuwa na maumivu nikarudi kupaka, na kweli ikatulia ndani ya siku mbili. Mnaona vile wanakufunga? Dawa yenyewe ndio inaleta moto na dawa yenyewe ndio inauzima, na wewe unaendelea kununua.

Penye niliamka ni siku nilienda kuchukua huo mkebe wa pili mwenyewe, juu boda hakuwa. Ni chumba kidogo nyuma ya saluni. Nikapata msichana amekaa kwa stuli, karai ya plastiki iko katikati ya miguu, anaminya tyubu za dawa moja baada ya ingine ndani ya losheni ya kawaida ya mwili ya mkebe mkubwa, anakoroga na mwiko wa ugali. Tyubu tupu zilikuwa zimejaa kwa katoni hapo chini. Nikaokota moja nikasoma: clobetasol propionate 0.05%. Yeye wala hakushtuka, nadhani hakuwa anajua ni nini, ni mtoto wa watu ametafuta kazi. Ile tyubu niliondoka nayo kwa mfuko.

Daktari wa ngozi aliniangalia dakika moja tu kabla hata sijatoa ile tyubu, akaniuliza, "mama, umepaka steroidi kwa uso muda gani?" Akanieleza hivi: steroidi ni dawa ya kutuliza ngozi iliyovimba au kuwasha. Clobetasol ni kati ya steroidi za kupaka zenye nguvu zaidi ziko. Huandikwa na daktari kwa magonjwa kama soriasisi (ile ya ngozi kutoa magamba), kwa mwili, kwa kawaida si zaidi ya wiki mbili mfululizo, na kwa uso hairuhusiwi kupaka hivi ovyo. Inabana mishipa ya damu ndio maana wekundu unapotea haraka, na inanyamazisha kinga ya ngozi ndio maana vipele vinanyauka, lakini chini yake ngozi inakuwa nyembamba, na ukiacha mishipa inafunguka yote kwa pamoja. Mimi nilikuwa na rosasia tangu mwanzo, kumbe, huo ugonjwa wa uso kuiva na kuwaka moto, na hiyo ndio ngozi mbaya zaidi ya kupaka hicho kitu. Akaniambia pia wengi wetu hatuambiwagi mapema kuhusu rosasia juu kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani mwekundu, unaonekana kama rangi ya zambarau au kahawia, mtu anasikia tu joto na kuchomwa.

Na hiyo yangu ilikuwa steroidi. Kuna hizi za kuchanganya zenye zinawekwa hidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, yenye ukipaka muda mrefu inaweza kukuachia weusi wa samawati hautoki, na zingine zebaki, yenye inaharibu figo na inaenda hadi kwa mtoto ukimshika au ukimbusu na huo uso. Vyote viwili vimepigwa marufuku kwa vipodozi hapa Kenya. Ukiona mkebe umeandikwa usiguse dhahabu au fedha, au uone neno mercurio ama calomel, hiyo ni dalili ya zebaki, weka chini.

Mimi sasa nikiona mtu anasema wekundu na chunusi zimeisha siku tatu, naogopa. Dawa za ukweli za hii ngozi zinachukua wiki. Yangu saa hii ni asidi azelaiki (dawa ya kupaka) usiku, sabuni laini isiyo na harufu, mafuta mepesi na sanskrini (krimu ya kukinga jua) kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, na ilichukua karibu miezi mitatu kabla nione nafuu. Kitu kipya chochote napaka kwanza ndani ya kiwiko siku kadhaa. Nambari ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) iko chini ya alama yao ya ubora kwa mkebe, unaituma na SMS kwa 20023 unaandika SM# na nambari, unajibiwa ni bidhaa gani na ya nani. Mkebe hauna alama, hauna nambari, usinunue hata kama ni rafiki yako anauza.

Kama ushaanza kupaka, usichukue ingine ya nguvu zaidi, na usikae nyumbani ukijikaza peke yako. Beba huo mkebe uende nao kwa daktari wa ngozi, usione haya, wanaona hizi kila siku. Dadangu nilimpeleka mwenyewe. Yeye alikuwa amepaka wiki tatu tu kwa hivyo alipona haraka, asante Mungu. Mikebe yangu miwili na ile tyubu nimepeleka KEBS, na wewe uko na yako piga 1545 uripoti, tukiwa wengi itakuwa ngumu kupuuzwa.

Jambo la mwisho. Huyo mtu bado anauza, na kwa tangazo lake jipya kuna picha ya shavu la mwanamke limenyooka, na doa dogo jeusi chini ya jicho la kushoto, ameandika "mteja wetu wa Nakuru". Huyo ni mimi. Nilimwandikia aitoe, akaniblok. Hiyo ni picha ya siku ya tano. Picha ya wiki ya saba nimeweka hapa chini, doa ni lile lile, angalieni.