Kuchukua pitbull kutoka kwa waokoa mbwa hapa Denver: maoni yangu baada ya kukaa naye

Hawa watu wa shirika la kuokoa mbwa walituuliza maswali mengi kabla hatujaona hata mkia wa mbwa, na ndio maana nawapa nyota tano. Nimeamua kuandika kwa Kiswahili kwa sababu naona wenzetu wengi hapa Denver na Aurora, jimbo la Colorado, Marekani, wanataka pitbull siku hizi, mtu anaona picha kwenye simu, mbwa ana macho ya huruma, wikendi ashaenda kumchukua, halafu mwenye nyumba anapiga simu anasema huyo mbwa atoke na mbwa anarudishwa. Mbwa aliyerudishwa mara mbili mara tatu nani atamtaka tena jamani.

Shirika lenyewe halina jengo, mbwa wanakaa majumbani kwa watu waliojitolea mpaka wapate kwao. Mimi hii naipenda kuliko shelta, yaani jengo la kuhifadhi mbwa wasio na kwao, kule mbwa yuko kizimbani, kelele kutwa, utajuaje tabia yake? Huyu mama aliyekuwa anamlea wetu alimjua kabisa, anakula vipi, anaogopa nini (fagio, na wanaume waliovaa kofia), akiachwa peke yake analia kwa muda gani. Akatuambia waziwazi huyu na paka hawaivi, kama mna paka chukueni mwingine. Muuzaji hawezi kukuambia hivyo.

Sasa hayo maswali. La kwanza lilikuwa nyumba mmepanga au ni yenu, na mkataba unasemaje kuhusu mbwa. Neno la mdomo la mwenye nyumba hawalitaki, wanataka maandishi. Apatimenti nyingi hapa zina orodha ya mbwa wasiotakiwa na pitbull hakosekani, na kabla ya 2024 kampuni zingine za bima ya nyumba zilikuwa zinakataa au zinakuongezea bei, hata hivyo piga simu kwa watu wa bima KABLA, sio baada.

Halafu kuna sheria. Denver ilipiga marufuku pitbull tangu 1989, na miaka hiyo yote mbwa wengi wa watu walichukuliwa wakauawa hata kama hawajamgusa mtu. Februari 2020 madiwani walipitisha kuiondoa, Meya wa wakati huo Michael Hancock akaizuia kwa kura ya veto, Novemba wananchi wenyewe wakapiga kura ikaondoka, na kuanzia 2021 unaruhusiwa kwa kibali. Watu wa jiji wanamwangalia mbwa umbo, maana kwenye sheria pitbull ni American Pit Bull Terrier, American Staffordshire Terrier na Staffordshire Bull Terrier, na akionekana ana sifa nyingi za hao basi unahitaji kibali. Lazima awe na chipu (kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), chanjo ya kichaa cha mbwa, awe amefungwa uzazi, na utoe majina ya watu wawili wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Hamruhusiwi kufuga zaidi ya pitbull wawili nyumba moja. Ukikaa miezi 36 bila kosa, kibali hakihitajiki tena. Lakini hiyo ni Denver, ukivuka tu mtaa ukaingia mji mwingine sheria ni nyingine, ulizia mji wako.

Watu wa shirika wakaja nyumbani pia. Nilidhani watakunywa chai waondoke, lakini dada mmoja wao alizunguka uzio wote akisukuma kila ubao kwa mguu pale chini, nyuma ya mashine ya ubaridi akakuta mbao mbili zinacheza, akaniambia tengeneza hizo kwanza ndio tuendelee. Nikatengeneza. Akauliza wageni wetu ni akina nani. Tukamwambia nusu ya wanaokuja hapa ni Waislamu, Wasomali na watu wa pwani, mate ya mbwa kwao ni najisi na wanataka kuswali sehemu safi. Hakushangaa wala hakubeza, akakaa na mama watoto wakapanga chumba kimoja mbwa asiingie kabisa na geti dogo la kumzuia kwenye korido. Hapo ndipo waliponiteka moyo.

Mbwa alitoka Texas, wanaletwa wengi sana Colorado kutoka huko. Ni jike, milia ya kahawia na nyeusi, ana kovu juu ya pua, ameshazaa. Alikuwa na minyoo ya moyo, ugonjwa unaoletwa na mbu, na hawakutuficha, walimtibu wenyewe kwa zile sindano na tukaonyeshwa vyeti vyote. Wakati wa matibabu hayo mbwa hatakiwi kukimbia wiki nyingi maana minyoo ikifa vipande vinaweza kuziba mishipa ya mapafu. Sasa kila mwezi anapewa dawa ya kinga, na hiyo ni gharama ya maisha yake yote, weka kwenye bajeti.

Siku za mwanzo usitegemee makubwa. Wetu alikaa nyuma ya kochi, anakula usiku tukilala. Walitushauri tusialike watu, tusimpeleke bustani ya mbwa, watoto wasimkumbatie, wasimsogelee akiwa anakula, na mtoto mdogo asibaki naye peke yake hata dakika moja. Hii msiichukulie poa, ni mbwa mwenye nguvu, na mbwa yeyote anaweza kuuma akiogopa. Jioni moja alitoka mwenyewe akaja kuniegemea mguuni, uzito wote, mpaka nikashika meza.

Ubaya wao ni mmoja, barua pepe wanajibu polepole mno na fomu ni ya Kiingereza tu, ndefu, mzee wangu angeshindwa. Ada ilikuwa dola 250 ikiwa na chanjo, chipu na kufunga uzazi, mimi naona ni haki kabisa. Na kama shida ikitokea mkataba unasema mbwa anarudi kwao, hata miaka ikipita, huruhusiwi kumpa mtu wala kumuuza.

Ukitaka mbwa wa kufunga mnyororo alinde gereji au duka, hawatakupa, wanauliza hilo pia.