Kununua muziki wa FLAC nikiwa Kampala: nalipia nini, naacha nini

Hapa Kampala bado wapo vijana wenye kibanda na kompyuta wanaokujazia flashi nyimbo mpaka ifurike, kwa hela kidogo tu. Ndiyo maana nikisema mimi hununua albamu, watu hunitazama kama nimerogwa. Nanunua Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, hasa kwa kuwa Nyege Nyege Tapes, lebo ya mjini hapa hapa, inauza kazi zake huko. Ukishalipa, unachagua mwenyewe aina ya faili, iwe MP3 (iliyobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti), FLAC (iliyobanwa bila kutupa kitu) au WAV (isiyobanwa), kwa bei ile ile, na unaweza kurudi kupakua tena. Nalipa kwa kadi ya mtandaoni. Programu yao ya simu ni ya kusikilizia; FLAC naipakua kwa kivinjari.

Sasa zile faili za biti 24, zinazouzwa kama bora kuliko CD. Albamu ya dakika 50 yenye biti 24 na kilohezi 96 (yaani sauti imepimwa mara 96,000 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 24) inakula karibu GB 1, hata ikiwa FLAC. Kwa kiwango cha CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1, kwa kawaida haifiki nusu ya hapo. Bando zetu zina ushuru wa asilimia 12 tangu 2021, kwa hiyo tofauti hiyo naiona vizuri sana mfukoni. Masikioni, hapana. Niligeuza faili kubwa kuwa za kiwango cha CD, nikaiachia foobar2000, programu ya kuchezea muziki kwenye kompyuta, inichezee zote mbili bila kunionyesha ipi ni ipi, nikawa nabahatisha tu. Wala si ajabu: vipimo vya kilohezi 44.1 vinabeba sauti nyembamba mpaka mtetemo wa kilohezi 22, na sikio la mtu mzima halivuki 20.

Kilichobadilisha mambo ni waya. Bluetooth huibana sauti upya kabla haijafika sikioni, hata faili yako iwe nzuri namna gani. Nilipochomeka hedifoni za waya kupitia kidude cha USB-C kiitwacho DAC, kinachogeuza namba za faili kuwa sauti, besi iliacha kuvimba na ngoma za nyuma zikajitokeza. Duka linalotoza zaidi kwa biti 24 nalipita. Ila FLAC siachi, maana haitupi chochote: leo kesho naweza kuigeuza MP3 ya garini, na ile asili inabaki nzima.

Kuhifadhi kwenye wingu kwa bando za hapa ni anasa. Mimi nina diski mbili za nje, moja nyumbani, nyingine kwa dada yangu Jinja, maana mwizi akiingia hachagui. Flashi sizitegemei kwa hilo. Raha ya FLAC ni kwamba kila faili hubeba ndani yake alama ya kuihakiki, basi mara moja moja naendesha amri ya flac -t kwenye diski nzima na kwenda kupika chai. Ikiripoti faili iliyoharibika, naichukua upya Jinja. Ya Jinja nayo ikiwa imeoza, hapo tena ni Bandcamp na bando.