Katavi mwezi wa kumi: viboko, mbung'o na saa tatu za mguu

Nianze na AC maana ndo ilotutesa. Gari la kwenda Hifadhi ya Katavi tulikodi Mpanda, tukakagua matairi, spea, jeki, tanki limejaa, kila kitu, ila hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwasha AC, asubuhi si kuna kaubaridi, kumbe ni mbovu. Tumeingia kwenye miombo tu, hata mbugani hatujafika, mbung'o hao. Na mbung'o anakimbiza kitu kinachotembea, kwahiyo gari likiondoka ndo wanalifuata, mkifunga vioo mnaiva humo ndani kama viazi, mkifungua wanaingia kumi kwa mpigo. Huyu sio inzi wa kupungia mkono akaondoka, anauma juu ya jinzi, unampiga kofi anadondoka, anajikusanya anarudi tena. Rafiki yangu alivaa shati la bluu, yani alikoma. Vile vitambaa vya bluu na nyeusi mnavyoviona vimening'inizwa porini ni mitego ya mbung'o, wanazipenda hizo rangi, so nyie vaeni kaki au rangi ya udongo.

Mwenye gari tulivyompigia akajibu "si mngeuliza". Haya.

Aliyetuokoa ni dereva. Akasimama kwenye kinyesi cha tembo kilichokauka, akavunja vipande akatia kwenye kopo la maziwa lililotobolewa matundu, akakiwasha akalining'iniza nyuma ya gari. Kinafuka taratibu, harufu yake kama nyasi zilizoungua, sio mbaya kama unavyofikiria. Hawakuisha ila walipungua sana. Nguo zangu zimenuka moshi mpaka nimerudi Mbeya.

Sasa hifadhi yenyewe. Katavi ipo tangu 1974, ina kilometa za mraba 4,471, na siku nzima tulipishana na magari mawili tu. Mawili! Ukishazoea zile picha za Serengeti magari yamemzunguka simba mmoja kama wanamsuluhisha, huku unakuwa kama mbuga umekodishiwa peke yako. Nenda kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, sisi tulienda mwezi wa kumi kabisa kabla mvua hazijashika. Ziwa Katavi na Ziwa Chada muda huo zinakuwa uwanda wa nyasi kavu tu, mto Katuma unabaki madimbwi, na kila mwenye kiu anaenda hukohuko.

Pale Ikuu, mtoni humohumo hifadhini, ndo nilipokaa kimya. Kiboko wamebanana kwenye tope mpaka maji huyaoni, ni migongo tu imepangana kama mawe, mmoja akijigeuza basi mstari mzima unalalamika, wanafunguliana midomo, wengine wana makovu mabichi ubavuni. Akijisaidia anazungusha mkia kama feni anawapaka wenzake wote na hakuna anayejali. Harufu siwezi kuielezea, leta barakoa kama una tumbo jepesi. Alafu afande, askari wa hifadhi, akanionyesha ng'ambo, kwenye kingo za mto kuna mashimo, mi nikajua ni ya ndege, kumbe ni mapango ya mamba, kiangazi wanajificha humo kwenye ubaridi. Nikaangalia vizuri nikaona pua imetokeza, halafu ya pili juu yake, wamelala kama mikate kwenye tanuri.

Kutembea kwa miguu unalipia kivyake na lazima uende na askari mwenye bunduki. Usiache, hata kama hela imebana punguza siku moja ya gari uweke huu mguu. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mstari mmoja, hakuna kuongea, afande mbele anamwaga vumbi mkononi aone upepo unaenda wapi. Kwenye gari unaona wanyama ila kwa mguu unasoma walikopita. Njia ya kiboko ina mifereji miwili na katikati nyasi zimebaki zimesimama, kama njia ya gari kabisa, akatuambia hapa msikae maana kiboko akishtuka anakimbilia majini na atapita hapahapa, uwepo usiwepo. Dakika kumi mbele nyati. Sijui wangapi, niliona weusi tu mpaka mwisho wa macho, wote wameinua vichwa wanatutazama kama tuna deni lao. Afande akainua ngumi tukasimama, moyo wangu niliusikia masikioni, tukarudi nyuma hatua kwa hatua bila kuwapa mgongo. Saa tatu zilienda kama nusu saa.

Tulilala banda za hifadhi upande wa Sitalike, chumba safi, neti nzima, maji ya bafuni yanatoka kwa kusitasita. Jioni unaisikia miguno ya viboko wa pale mtoni. Chakula tulipika wenyewe, bebeni sembe, mtungi mdogo wa gesi na maji ya katoni.

Hela: kiingilio cha Mtanzania hakiumizi, kinachomaliza mfuko ni gari. Muwe wanne watano mgawane, na msilipe yote kabla ya kuzunguka nalo nusu saa AC ikiwa imewashwa (mmeshaelewa kwanini). Getini hawapokei keshi, unapewa kontroo namba, yani namba ya malipo, unalipa kwa simu, so weka salio mapema maana ukishaingia ndani mtandao unapotea.

Na kama huna hela ya gari kabisa, basi la Mpanda kwenda Sumbawanga linakatiza ndani ya hifadhi. Kurudi nilikaa dirishani nikaona twiga wawili kando ya barabara, mmoja na mtoto wake, nikaanza kupiga kelele basi zima. Mama niliyekaa naye hakugeuza hata shingo, akaniuliza tu mwanangu, hivyo vitunguu vyako umenunua wapi, mbona vikubwa.